Uvira: Sentensi tano kuhusu mvua

UVIRA, Kivu Kusini – Saa kumi na moja za jioni, joto la mji linapoanza kupungua, watu wazima ishirini na kitu huingia katika chumba kimoja cha darasa ambacho asubuhi ni cha watoto wa shule ya msingi. Madawati ni madogo, kwa hiyo wanakaa upande, magoti nje. Kila mmoja ana daftari na biki. Wamekuja kujifunza Kiingereza.

Wametoka pande nyingi. Kuna wakaaji wa zamani wa mji. Kuna waliokimbia vita katika Hauts Plateaux, na wengine waliotoka kwenye bonde la Ruzizi. Kuna pia familia ambazo hazikukimbia bunduki bali maji. Kila mmoja ana sababu yake. Kijana fundi wa simu anataka kuelewa maneno yanayotokea kwenye simu za wateja. Papa mmoja mwenye mvi ana wajukuu kambini Nakivale, kule Uganda, ambako shule ni kwa Kiingereza, na sasa wajukuu wanamwandikia maneno asiyoyajua. Wasichana wawili wanatafuta kazi katika mashirika. Mfanyabiashara mmoja anasema tangu Congo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, anataka kwenda kununua bidhaa Kampala bila kumlipa mtu wa kumtafsiria.

Na kuna mama mmoja anayeuza ndagala sokoni, ambaye kwa muda mrefu hakumwambia mtu sababu yake.

Mwalimu wao alifundisha Kiingereza katika shule za sekondari miaka mingi. Si mtu mkali. Lakini ana mazoea ya walimu wa zamani: kalamu nyekundu, ubao uliogawanywa kwa mstari katikati, na fotokopi za kitabu kimoja cha Uingereza ambacho jalada lake lilipotea zamani.

Somo la juma lile lilikuwa hali ya hewa.

Somo la mwavuli

Katika kitabu kile, hali ya hewa ni jambo jepesi. Picha ya kwanza ni mtoto aliyevaa viatu vya mpira akiruka katika kidimbwi. Ya pili ni theluji. Ya tatu ni mzee mwenye mwavuli anayemsalimia jirani. Mwalimu alieleza kwamba Waingereza wakikutana na mtu wasiyemjua, mara nyingi huanza na habari za hewa, kama vile hapa mtu anavyoanza na habari za nyumbani na za watoto. Anayesema "Nice day, isn't it?" haulizi kweli kama siku ni nzuri. Anabisha hodi tu.

Papa mwenye mvi akauliza: "Na siku ikiwa mbaya, wanasalimiana namna gani?"

Mwalimu akajibu kwamba watasema ni mbaya, na mazungumzo yataendelea vilevile. Darasa likacheka. Kisha akatoa kazi ya nyumbani: sentensi tano, kichwa "A Rainy Day", yaani siku ya mvua.

Madaftari yaliporudi, makosa mengi aliyajua hata kabla ya kuyasoma, kwa sababu kila kosa lina mzazi wake.

Mzazi wa kwanza ni Kifaransa. Katika Kifaransa neno "temps" linabeba mizigo miwili, muda na hali ya hewa. Aliyesoma shule ya Congo ataandika "The time is bad" akitaka kusema mvua inakuja. Kiingereza kimetenganisha mizigo hiyo: "time" ni muda, "weather" ni hali ya hewa ya leo au ya kesho, na "climate" ni tabia ya hewa ya mahali kwa miaka mingi. Kwa Kifaransa pia husemwa kwamba "inafanya joto", na hapo mwanafunzi anaandika "It makes hot". Kiingereza kinasema "It is hot", basi.

Mzazi wa pili ni Kiswahili chenyewe. Mtu anasema "nasikia baridi", kisha anaandika "I hear cold". Lakini "hear" ni kazi ya masikio peke yake. Baridi husemwa "I feel cold" au "I am cold". Asiandike "I have a cold", maana hayo ni mafua. Waliotoka Hauts Plateaux, wanaoijua mvua ya mawe, waliandika "rain of stones", na neno lake ni "hail". Ziwa lililochafuka waliliita "dirty", yaani chafu kama nguo, wakati ziwa lenye mawimbi makali ni "rough". Mvua kubwa wakaiita "big rain". Kwa Kiingereza mvua haiwi kubwa, inakuwa nzito: "heavy rain".

Na karibu wote walihangaika na "It is raining". Waliuliza huyo "it" ni nani. Kiswahili kinasema mvua inanyesha, na mvua yenyewe ndiyo inayofanya kazi. Mwalimu aliwaambia wasimtafute, "it" hiyo si mtu wala kitu. Imewekwa pale kwa sababu sentensi ya Kiingereza haipendi kusimama bila kitu mbele ya kitenzi.

Daftari la mama wa ndagala lilikuwa na sentensi moja tu: "The time was bad." Chini yake ukurasa ulikuwa mweupe.

Mwalimu alipiga mstari mwekundu juu ya "time", akaandika "weather" pembeni. Chini akaongeza: "Only one sentence? Write more." Sentensi moja tu? Andika zaidi.

Jumatano iliyofuata mama hakuja. Ijumaa pia hakuja.

Usiku wa Mulongwe

Fundi wa simu ndiye aliyebaki nyuma baada ya somo na kusema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, yule mama alikuwa anakaa karibu na Mulongwe. Mtoto wake mmoja alienda na maji."

Mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa zaidi. Mji umebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na mito inayoshuka kutoka milimani, kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, hupita katikati ya nyumba za watu kabla ya kufika ziwani. Mvua ikizidi huko juu, maji hayana njia nyingine. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mito ilitoka katika njia zake ikibeba matope, mawe na miti. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya familia walibaki bila nyumba. Baadaye ziwa nalo lilipanda na kuingia katika mitaa ya kandokando, na watu wengine tena wakahama.

Mwalimu alikuwa mjini usiku ule. Mtaa wake haukuguswa. Alilala akisikia mvua juu ya mabati, na ni asubuhi tu aliposikia vilio. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu wa mji uleule na kuwaomba waandike juu ya siku ya mvua, kama vile wote ni mtoto wa kwenye picha mwenye viatu vya mpira. Hakuwa na nia mbaya. Kitabu kilisema somo la sita ni hali ya hewa, naye akafundisha somo la sita.

Jumamosi alikwenda sokoni.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, mwalimu. Karibu. Nikupimie ndagala?"

Alinunua kwanza, kisha akasema kilichomleta. "Mama, nimekuja kuomba samahani. Sikujua. Na hata kama sikujua, ilifaa niulize kabla ya kuandika vile katika daftari lako."

Mama aliendelea kufukuza nzi kwa kipande cha katoni. "Mwalimu, si kalamu nyekundu iliyonifukuza. Nilikosea neno, ukasahihisha, ni kazi yako. Niliacha kuja kwa sababu siku tatu nilitafuta sentensi ya pili na haikuja. Hata kwa Kiswahili haikuja."

Ndipo akaeleza sababu yake ya kutaka Kiingereza. Siku chache baada ya maji, wageni walipita wakiandikisha familia. Mmoja alizungumza Kiingereza, na kijana mmoja alikuwa akimtafsiria. Mama alisimulia kwa muda mrefu: mlango ulivyokataa kufunguka, giza, watoto alivyowashika. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mgeni na kusema maneno machache sana. Mama alishika mawili, kwa sababu yalirudiwa kwa kila familia iliyofuata: "rain" na "flood". Mvua na mafuriko. Mgeni akaandika, akaenda kwa jirani.

"Nilisema mengi, yakafika mawili," mama alisema. "Sisemi yule kijana alikuwa mbaya. Labda naye hakuwa na maneno. Lakini nilijiambia, siku moja nitaandika mwenyewe namna ilivyokuwa."

Mwalimu alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Jumatano uje, mama. Hatutaandika sentensi tano."

Kuanza na lugha ya nyumbani

Jumatano hakuleta fotokopi. Aliwaambia wanafunzi wote kwamba kazi ile aliichagua bila kufikiri, na kwamba hakuna anayelazimishwa kuandika juu ya mvua. Anayetaka aandike juu ya jua, juu ya upepo wa ziwani, au juu ya ukungu wa milimani kwao.

Kisha akawakataza kuandika kwa robo saa nzima. Kila mmoja alimsimulia jirani yake, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake. Darasa likajaa Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge. Maswali yalikuwa matatu ubaoni: Uliona nini kwanza? Ulisikia nini? Mikononi ulikuwa na nini? Baada ya hapo tu ndipo wakaanza kutafuta maneno ya Kiingereza, kila mtu akiomba lile alilolihitaji.

Mvua ilipangwa kama ngazi. "Drizzle" ni manyunyu. "Shower" ni mvua ya kupita. "Heavy rain" ni mvua kubwa. "Downpour" ni ile inayomwagika ghafla kama mtu amepindua ndoo. "Storm" ni mvua yenye upepo na radi. Radi yenyewe ina maneno mawili: mwanga ni "lightning" na ngurumo ni "thunder". Ukungu mwepesi ni "mist", ukungu mzito ni "fog". Wataalamu wa hewa huuita "fog" pale mtu asipoweza kuona umbali wa kilomita moja. Kisha maneno ya maji: "to rise", kupanda; "to overflow", kujaa mpaka kumwagika nje; "mud", matope; "landslide", mlima kuporomoka.

Papa mwenye mvi alishangaa mvua kuwa na majina mengi hivyo. Msichana mmoja akamjibu: "Papa, na sisi tunayo. Manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe. Ni vile tu siku hizi tunasema mvua, mvua."

Baada ya maneno zikaja nyakati za kitenzi. Mwalimu alichora mstari mrefu uliolala ubaoni, akaandika juu yake mambo yaliyokuwa yakiendelea: "It was raining. We were sleeping. The river was rising." Kisha akachora vijiti vinavyoukata ule mstari, na kila kijiti kikawa jambo lililotukia mara moja: "The water came in. The wall fell. I shouted." Anayechanganya hizi mbili, msomaji wake hajui nini kilikuwa kinaendelea na nini kilikuja ghafla. Wanafunzi walielewa haraka kuliko alivyotarajia. Kiswahili nacho kinajua tofauti ya "mvua ilikuwa inanyesha" na "ukuta ulianguka".

Shauri la mwisho lilikuwa juu ya sentensi zenyewe. Anayejifunza hupenda kufunga kila kitu katika sentensi moja ndefu kwa "and, and, and". Mwalimu aliomba jambo moja kwa sentensi moja. Akaomba pia waache "very very bad" na "terrible", na badala yake waseme maji yalifika wapi: magotini, kiunoni, kifuani. "Ukiandika kwamba maji yalikufika kifuani, mtu wa London ataogopa mwenyewe," alisema. "Huna haja ya kumwambia aogope."

Yeye naye alibadilika. Kalamu nyekundu aliiacha nyumbani, akaanza kutumia ya risasi. Sasa, kabla ya kusahihisha, anaandika kwanza sentensi moja ya kumjibu mwandishi juu ya kile alichosema, kama mtu aliyepokea barua. Kisha anachagua makosa matatu tu. Mengine yanangoja siku nyingine.

Kurasa za mama

Ilimchukua mama masomo matano. Kuna siku aliandika neno moja tu, akafunga daftari na kuwasikiliza wengine. Hakuna aliyemharakisha. Siku aliyosimama kusoma, alisoma hivi:

"The weather was bad. It was raining and we were sleeping. The river was rising but we did not know. The water came in at night. It was up to my chest. I was holding three children. The water was stronger than my hand."

Yaani: Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa inanyesha nasi tulikuwa tumelala. Mto ulikuwa unapanda lakini hatukujua. Maji yaliingia usiku. Yalinifika kifuani. Nilikuwa nimeshika watoto watatu. Maji yalikuwa na nguvu kuliko mkono wangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Papa mwenye mvi alisema, "Pole, mama," na wengine wakafuata mmoja mmoja, pole, pole sana. Mwalimu alipochukua daftari, aliandika kwa kalamu ya risasi kwamba amesoma na kwamba anashukuru.

Mama akawa na swali moja. "Mwalimu, ile sentensi yangu ya zamani, 'The time was bad', ni kosa kweli?"

Mwalimu alieleza kwamba kama anataka kusema juu ya mvua, ni kosa. Lakini kama anataka kusema juu ya siku zile za maisha yake, Kiingereza kinayo njia, na inasemwa "It was a bad time". Mama alirudi kwenye dawati, akaiandika kuwa sentensi ya nane.

Ameinakili mara mbili. Karatasi moja iko katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi na vyeti vya watoto. Nyingine amesema ataitoa siku wageni wenye madaftari watakapopita tena. Bado hawajapita.

Kwa anayejifunza nyumbani

Wale wasio na darasa wanaweza kuanza na daftari moja na dakika kumi kila jioni. Mwalimu anapendekeza sentensi tatu tu: anga lilikuwaje, ziwa au mlima ulikuwaje, na watu walifanya nini kwa sababu hiyo. Kwa mfano: "It was cloudy this morning. The lake was rough. The fishermen did not go out." Asubuhi kulikuwa na mawingu, ziwa lilichafuka, wavuvi hawakwenda. Baada ya mwezi mmoja mtu ana sentensi tisini alizoziandika mwenyewe juu ya mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Wenye simu wana kitabu kingine mkononi. Fundi wa simu huwaonyesha wenzake ukurasa wa hali ya hewa, ambao mara nyingi huja kwa Kiingereza: "partly cloudy" ni mawingu hapa na pale, "humid" ni hewa yenye unyevu mwingi, "thunderstorm" ni mvua ya radi. Na "chance of rain 60%" haina maana kwamba mvua itakuwa kubwa. Ni uwezekano wa mvua kunyesha. Mvua yenye uwezekano mdogo ikija inaweza kuwa nzito vilevile.

Kipindi cha mvua kilipokaribia, darasa liliandika kazi moja ya pamoja, na wazo lilitoka kwa mama wa ndagala. Alisema watu wengi hutazama anga la mjini, wakiona nyota wanalala, na kumbe mvua inanyesha milimani. Mto wenyewe ndio wa kutazama. Wanafunzi walibishana juu ya maneno kwa jioni mbili, kisha wakaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwamba mto ukibadilika rangi kuwa wa matope na kuanza kuleta miti, hata kama hapa mvua hainyeshi, amka, wachukue watoto, ondoka kando ya mto, nenda mahali pa juu.

Karatasi hiyo imebandikwa ukutani, karibu na mlango. Asubuhi watoto wa shule ya msingi wanaipita wakiingia darasani, na wakubwa wao wameanza kuisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza.